Chola, Anayefuata Mapasa

Kwa Wabemba, mtoto anayezaliwa baada ya pacha hatafutiwi jina. Ni Chola. Awe wa kike, awe wa kiume, jina limekwisha kumtangulia duniani, na siku atakapojitaja mbele ya watu, swali la kwanza litakuwa: "Mapasa bako beko wapi?" Mapasa ndivyo pacha wanavyoitwa Lubumbashi.

Chola Lombe alikuwa ameulizwa hivyo maisha yake yote, naye alikuwa na majibu ya kila namna. Akiwa na furaha alijibu, "Beko ku soko, banauza bitenge." Akiwa na hasira alijibu, "Mulize mama yabo." Sasa alikuwa mama mzima wa miaka arobaini na kitu, mpana wa mabega, mwenye karakana yake mwenyewe mtaani Kamalondo, katikati ya baa moja yenye kelele na safu ya mafundi wa nguo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Alifundishwa na Mzee Abdoul, mtu wa Maniema, aliyemchukua angali msichana kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba na havikuogopa grisi. Mzee alipofariki, mafundi wa mtaa mzima waliendelea kumletea Chola mashine zao zinazokata uzi, zinazoruka mishono, zinazolia kama mbuzi. Yeye aliinamisha sikio, akazungusha gurudumu mara moja mbili, akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka.

Lakini ukimtajia dada zake, kicheko kilipungua kidogo.

Albertine na Lydie walizaliwa miaka mitatu kabla yake, na siku ile nyumba ya Mama Katongo, mama yao, ilijaa ngoma na matusi ya furaha ambayo watu huruhusiwa kuyaimba pacha wanapozaliwa tu. Tangu hapo vitu vyote vililetwa viwili viwili. Magauni mawili ya manjano. Viatu jozi mbili. Mapaja mawili ya kuku. Chola alipokuja, kuku alikuwa amebaki na shingo. Katika picha zote zilizotundikwa ukutani kwa Mama, kule mtaa wa Hewa Bora, mapasa wamekaa katikati wamevaa sare, na Chola amesimama pembeni, mara nyingi mkono wake mmoja umekatwa na ukingo wa picha. Hakuna aliyemtesa. Alipendwa. Ila alipendwa kama mtu anavyopenda mlango wa nyuma wa nyumba yake: anaujua upo.

Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa sita, vumbi jekundu limeanza kukaa juu ya kila kitu, mapasa waliingia karakanani pamoja, kama kawaida yao, kila mmoja akimalizia maneno ya mwenzake.

"Chola, funga hapa. Tunaenda kupimwa," alisema Albertine.

"Muko bagonjwa?"

"Hatuko bagonjwa. Ni bantu ba iniversite," alisema Lydie. "Bamesema mu radio. Banapima mapasa: urefu, kichwa, mikono, yote."

"Basi muende muzuri. Miye siko pasa."

Albertine alisafisha koo. "Banataka tulete na ndugu mumoja mwenye haiko pasa."

Chola aliweka bisibisi mezani polepole. "Ah. Kumbe munakosa mutu wa kujaza fasi."

"Usikasirike, Chola. Dakika moja tu."

Alikasirika, lakini alikwenda. Alikwenda na grisi mikononi makusudi.

Upimaji ulifanyika katika ukumbi wa parokia, si mbali na hapo. Ndani kulikuwa na mbao ndefu zenye alama za sentimita zilizosimamishwa ukutani, meza, viti, na wapimaji wawili waliovaa koti jeupe. Mkubwa wao alikuwa Najma, msichana wa familia ya Kiislamu ya hapo hapo mjini, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na sauti ya upole. Alikuwa akiandaa udaktari wake wa takwimu. Msaidizi wake, Jamali, alikuwa mrefu kiasi kwamba mapasa walianza kwa kumuuliza yeye kapimwa na nani.

Albertine alisimama kwenye ubao kwanza. Alivuta pumzi, akanyoosha shingo, na visigino vikaanza kupanda taratibu kama unga wa mkate.

"Mama, visigino chini," alisema Najma.

"Biko chini."

"Mama Albertine, ninabiona."

Vilishuka. Akafuata Lydie, kisha Chola. Najma alipima urefu wa kusimama, urefu wa kukaa, upana wa mikono iliyonyooshwa, mzunguko wa kichwa, mzunguko wa kiuno, mwisho urefu wa nyayo. Akasogea pembeni, na Jamali akarudia yote tangu mwanzo, bila kutazama alichokiandika mwenzake.

"Juu ya nini munapima mara mbili?" aliuliza Chola. "Hamuaminiane?"

Najma hakuchukia. "Hatuaminiane, ni kweli," alisema akicheka. "Mukono ya mutu inakosea. Nikikosea kidogo kwa yaya, mukubwa wa kuzaliwa, na kidogo kwa mudogo yake, bandugu bawili bataonekana mbalimbali kupita vile beko. Kosa yangu itaficha urithi yabo. Kwa hiyo tunapima mara mbili, tunajua tunakosea kiasi gani, halafu tunaitoa mu hesabu."

Jibu lile lilimpendeza Chola. Aliketi vizuri zaidi kwenye kiti.

Ilikuwa wakati wa nyayo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Jamali aliweka mguu wa Albertine kwenye kipimo, akaandika. Akaweka wa Lydie, akatazama, akaurudia. Mguu wa Lydie ulikuwa mrefu kuliko wa pacha wake, tena si kwa unywele. Ulikuwa sawasawa na wa Chola.

"Haiwezekani," alisema Albertine. "Tunavaa namba moja tangu tuko batoto."

Lydie alitazama sakafu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni weye unavaa. Miye ninavumilia."

"Unasema nini?"

"Biatu, Albertine. Maisha yangu yote binanibana. Mama alikuwa ananunua namba yako mara mbili. Nilikuwa nasema nini? Tuko mapasa."

Albertine aliinama akautazama mguu wa mwenzake. Chola, ambaye alikuwa amekuja pale na moyo mgumu, alimtazama Lydie na kuona kwa mara ya kwanza vidole vile vilivyojikunja, kimoja juu ya kingine. Alijua viatu vile. Alikuwa akivionea wivu, vipya, vyeusi, vyenye kifungo cha fedha. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kulia ndani yake.

Mapasa walipotoka nje kugombana vizuri, Chola alibaki. "Sasa uniambie kweli," alimwambia Najma. "Mapasa, naelewa. Kila mutu anapenda kuangalia mapasa. Miye munaniitia nini?"

Najma alichukua chaki, akageukia ubao mweusi wa wanafunzi wa katekisimu. Akachora mistari miwili, mmoja umelala, mmoja umesimama, kisha wa tatu ukipanda mshazari kati yao.

"Huu wa chini ni urefu ya ndugu wa kwanza. Huu wa kusimama ni urefu ya ndugu wa pili. Kila familia ni nukta moja tu." Akaanza kudonoa nukta. "Aba ni mapasa ba yai moja. Balirithi bintu byote sawa. Angalia: nukta zabo zinapangana karibu na huu mustari wa kupanda, kama uzi. Aba wengine ni mapasa ba mayai mawili. Bao balikaa mu tumbo moja, siku moja, lakini mu urithi banashirikiana nusu tu, kwa wastani. Nukta zabo zinatawanyika. Tofauti kati ya uzi huu na mutawanyiko huu njo hiyo inatuonyesha urithi unabeba sehemu gani ya urefu ya bantu."

"Na miye?"

"Weye na yaya yako munashirikiana nusu vilevile. Sawa kabisa na mapasa ba mayai mawili. Lakini haukukaa nabo mu tumbo. Haukukula nao chakula ya mwaka ule ule. Basi kama mapasa ba mayai mawili banafanana kupita weye na yaya yako, ile ya kupita haitoke ku urithi. Inatoka ku tumbo, ku maisha. Mama Chola, bila weye siwezi kutenganisha hibi bintu bibili. Mapasa peke yabo, ni kama mizani ya upande mumoja."

Chola aliukaribia ubao. Aliangalia nukta zile zilizotawanyika kama mbegu za mtama mbele ya kuku.

"Kwa hiyo miye siko kujaza fasi."

"Hapana, mama. Weye njo kipimo."

Hapo alicheka, kicheko chake chote, mpaka mapasa huko nje wakanyamaza kusikiliza.

Kabla ya kutoka, kila mmoja alitema mate katika kichupa kidogo. Najma aliwaeleza kwamba urefu wa watu wawili peke yake hauwezi kusema kama ni wa yai moja au mawili. Hilo lingetafutwa ndani ya mate, na jibu lingekuja baada ya miezi. Albertine alitema kwa dharau. Jibu alikuwa nalo tayari. Dunia nzima ilijua kwamba wao ni mtu mmoja katika miili miwili.

Wiki zilizofuata, Najma alipita karakanani mara kwa mara, mwanzoni kwa salamu, baadaye kwa masikitiko. Mapasa walikuwa wakija kwa wingi, wamevaa sare, wamefurahi. Ndugu zao hawakuja. Wengine walisema wana kazi. Wengine hawakusema kitu.

"Sielewi," alisema Najma, ameketi kwenye kisanduku kati ya cherehani mbili zilizofunguliwa matumbo. "Tunawaalika kwa heshima."

"Munawaalika kupitia kwa nani?"

"Kupitia kwa mapasa."

Chola alifuta mikono. "Acha miye niende."

Na kweli alikwenda. Mafundi wa nguo wa Kamalondo walijua familia zote zenye mapasa, kwa kuwa ndio walioshona zile sare, na kila fundi alikuwa na cherehani iliyopita mikononi mwa Chola. Alibisha milango. Hakuomba mapasa, aliomba yule mwingine. Alikunywa chai kwa akina Chola wenzake, wa kike na wa kiume, kwa kaka wakubwa waliopoteza nafasi ya mwisho kifuani kwa mama kwa sababu ya watoto wawili waliokuja kwa mpigo, kwa dada aliyelea mapasa mgongoni mmoja na kifuani mmoja. Wengi walianza kwa kukataa na kuishia kwa kusimulia.

Mgumu kuliko wote alikuwa Guelor. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kasomeno, kwenye barabara iendayo Kasenga, aliyeuza samaki wakavu na chumvi. Dada zake mapasa walikuwa wamekwisha kupimwa, wakasema huyo ndugu yao msimsumbue, ni mtu wa kununa. Chola alipata lori lililokuwa likienda huko, akapeleka cherehani ya mteja mmoja, na baada ya kuikabidhi alimtafuta Guelor kwenye duka lake.

"Nimesikia juu yako," alisema Guelor bila kuinua macho. "Jibu ni hapana. Bale mapasa bamenikulia kuku zangu zote."

"Mapaja?"

"Mapaja."

"Weye ulipata nini?"

"Shingo."

Chola alijivutia gunia akaketi. "Miye pia shingo. Na mu foto?"

Guelor sasa aliinua macho. "Mu foto ya komunyo yao, kinaonekana kiatu changu."

"Miye banakata mukono."

Walitazamana. Kisha Guelor akaangua kicheko, mwanamume mkubwa vile, akashikilia mzani asije akauangusha. Walikaa wakishindana kuhesabu dhuluma zao mpaka wateja wakaanza kujihudumia wenyewe. Chola alipomchorea nukta kwa kidole juu ya unga wa chumvi mezani, na kumweleza kwa nini hesabu ya wale wasomi hailali vizuri bila mtu wa shingo ya kuku, Guelor alikuna kidevu.

"Kumbe bila shiye ba shingo, bao mapasa hata habajulikane beko nini."

"Njo vile."

Guelor alipanda naye lori lile lile kwenda mjini, na fungu la samaki kwa ajili ya Najma.

Mvua zilikuwa zimeanza wakati majibu yalipotoka. Najma alikuwa amewauliza wote kama wanataka kujua habari zao au la, na kama wanataka kuambiwa faragha. Albertine alijibu kwa niaba ya wote watatu: mbele ya Mama, tena Jumapili, tena baada ya chakula. Basi Najma akaja Hewa Bora, akala bukari na sombe, yaani ugali kwa kisamvu, akasifu picha za ukutani, kisha akaweka mikono magotini.

"Mama Katongo, mapasa yako balitoka ku mayai mawili."

 Mvua ilipiga bati.

"Maana yake?" aliuliza Albertine.

"Maana yake ni mapasa kabisa, mulitoka siku moja tumbo moja. Lakini mu urithi, munafanana vile bandugu banafanana. Weye na Lydie, Lydie na Chola, Chola na weye, ni namna moja ya undugu. Tena hesabu ya mate ilionyesha kwamba Lydie na Chola banashirikiana kidogo kupita weye na Lydie. Inatokea. Ni nusu kwa wastani. Mara inapanda, mara inashuka."

Chola alikuwa ameingojea siku hii bila kujiambia. Alidhani atainuka, atacheza. Badala yake alimwona Albertine, Albertine mwenye maneno, amekaa mkono kinywani kama mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni. Alihama kiti akaketi karibu naye.

"Yaya. Haujapoteza mutu. Umeongezewa."

"Nyamaza, Chola," alisema Albertine, lakini alimshika mkono, grisi na yote.

Aliyeanza kucheka alikuwa Lydie. Alianza taratibu, mabega tu, kisha machozi yakamtoka. "Mama," alisema, "mama yangu, naweza kukata nywele?"

"Kata, nani alikukataza?"

"Na manjano. Miye siipendi manjano. Sijaipenda hata siku moja."

"Na biatu," alisema Chola. "Mwambie juu ya biatu."

Basi habari ya viatu ikasimuliwa, na Mama Katongo, ambaye miguu yake mwenyewe sasa ilihitaji ndala za upana wote, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwita Lydie, akamketisha mkekani, akachukua ule mguu mrefu mapajani mwake na kuusugua kidole kimoja kimoja, bila haraka, huku akinung'unika kwa Kibemba maneno ambayo mtu huwaambia watoto wachanga. Alipomaliza alimtazama Najma.

"Yai moja, mayai mawili, miye sikuona yai," alisema. "Niliona batoto babili, halafu huyu wa mabega, mwenye alinipa shida kupita bale babili pamoja. Andika ile."

"Nitaiandika, mama."

Chola hakuwa amewahi kuambiwa hilo. "Nilikupa shida gani?"

"Shida gani! Ulikuwa na kichwa kama hii," alisema Mama akionyesha kwa mikono miwili kitu cha ukubwa wa boga. "Bote balikuja kuangalia mapasa, lakini mwenye alinivunja mugongo ni weye. Nilikuwa nakuangalia, nasema, huyu ataishi hata mukimutupa mu muto. Kwa hiyo sikukuhofia. Ni bale babili nilihofia, bembamba, kama bijiti. Nilibapa mapaja ya kuku juu ya woga ya kubapoteza."

Chola alibaki na neno lile moyoni. Chai ilipoletwa, hakuiona.

Utafiti ulipomalizika, Najma aliwaita wote ukumbini kuwaonyesha walichokitafuta pamoja. Safari hii nukta zilikuwa nyingi, zimeonyeshwa kwa picha kubwa ukutani. Nukta za watu wa yai moja zililala karibu na mstari kwa urefu wa mifupa. Kwenye kiuno zilitanga kidogo, kwa sababu kiuno, alisema Jamali, kinajua ulikula wapi. Nukta za mapasa wa mayai mawili na nukta za ndugu wa kawaida zilitawanyika karibu sawa, za mapasa zikiwa zimebanana kidogo tu zaidi. Huo ubano mdogo, Najma alieleza, ndio uliotoka tumboni na utotoni, na usingeonekana kamwe kama watu wa pembeni wasingekuja. Aliwaomba wasimame. Walisimama: kina Chola wanne, kaka wakubwa, yule dada mlezi, Guelor na tumbo lake kubwa. Ukumbi ulipiga makofi, mapasa wakiongoza, kwa kuwa mapasa wamezoea ngoma.

Tangu hapo watu wale hawakuachana. Jumapili moja moja hukutana uani kwa Chola, Kamalondo, nyuma ya karakana, na muziki wa baa ya jirani huwa wao bure. Guelor hushuka kutoka Kasomeno na samaki. Mapasa wanakaribishwa, kwa sharti moja: wao ndio wanaogawa sahani. Lydie, nywele fupi, gauni la buluu, hugawa vizuri sana, na hucheza na viatu vyake vikubwa kama mtu aliyefunguliwa. Albertine alikataa katakata kugawa. Alikuja mara ya kwanza na manjano yake, akavuta kiti akakiweka katikati kabisa, akadai paja. Guelor alipoinuka kupinga, Chola alimwambia amwache, akaenda chunguni mwenyewe, akamchagulia dada yake paja kubwa, akajichukulia jingine, akaketi naye bega kwa bega.